Silaha Si Kitu cha Kupandia Dau

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Ohio, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwangu. Mwezi uliopita alinipigia usiku. Shikamoo mjomba, marahaba, habari ya watoto, habari ya kazi, habari ya baridi. Salamu ziliporefuka hivyo nikajua kuna jambo linatafuta mlango wa kuingilia.

"Mjomba, nina kitu kidogo tu."

Kitu kidogo kilikuwa bastola. Ameiona kwenye tovuti ya mnada, dau liko chini, zimebaki saa 2, na yeye kwa viza yake ya mwanafunzi haruhusiwi kununua. "Wewe una Green Card, mjomba. Wewe shinda tu, hela nakurushia sasa hivi."

Nilimkatalia. Alinuna, akakata simu kwa adabu. Nimekuwa nikilifikiria hilo jambo tangu siku ile, na ninaandika haya kwa sababu ninaona wengi wetu tulio huku, na ndugu zetu walioko nyumbani, hatuielewi biashara hii inavyokwenda.

Kwanza niondoe uvumi. Kwenye makundi ya WhatsApp utasikia kwamba Marekani mtu anaagiza bunduki mtandaoni kama anavyoagiza viatu, inaletwa mlangoni. Sivyo. Soko kubwa la mnada wa silaha mtandaoni ni GunBroker, lililoanza mwaka 1999, mwaka uleule eBay ilipopiga marufuku silaha kwenye mnada wake. Ukishinda dau pale, ukiwa jimbo moja na muuzaji yuko jimbo jingine, bunduki haiji kwako. Inatumwa kwa mwenye duka la silaha wa karibu nawe, mwenye leseni ya serikali kuu. Unakwenda dukani na kitambulisho, unajaza fomu namba 4473, naye anawasiliana na mfumo wa FBI wa kuchunguza rekodi, ambao ulianza kazi Novemba 1998. Mara nyingi jibu linarudi ndani ya dakika chache. Unamlipa ada yake, unaondoka na mzigo wako. Mnada umeuza, lakini aliyekukabidhi ni mtu aliyekutazama usoni.

Kaunta hiyo haikuwekwa kwa bahati. Machi 1963 duka la Klein's la Chicago lilipokea oda ya bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano iliyotangazwa kwenye jarida, dola 19.95 pamoja na darubini yake. Ukiongeza usafirishaji ilifika dola 21.45. Mnunuzi alijiita A. Hidell, na mzigo ukaenda kwenye sanduku la posta Dallas. Jina halisi la mwenye sanduku lilikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba ya mwaka huohuo Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo. Hata hivyo ilichukua miaka 5, na vifo vya Martin Luther King na Robert Kennedy, ndipo Oktoba 1968 Rais Johnson akatia saini sheria ya kuzuia raia wa kawaida kuletewa bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine.

Kuna wanaoruhusiwa kuikwepa kaunta. Ninaendesha lori na mzee mmoja Mmarekani, mwindaji, anayekusanya bunduki za zamani za vita. Ana leseni ya wakusanyaji, dola 30 kwa miaka 3, na kwa leseni hiyo silaha iliyotimiza umri wa miaka 50 inaletwa mpaka barazani kwake. Kinachonichekesha zaidi ni silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla: kwa sheria ya serikali kuu hizo wala hazihesabiwi kuwa silaha. Maana yake gobore la kushindilia baruti, ambalo kwetu likikutwa kijijini bila kibali mwenyewe analala ndani, huku linaweza kuletwa na mtu wa mizigo pamoja na sabuni uliyoagiza.

Kwa hiyo simlaumu sana intaneti. Ninaoulalamikia ni mnada.

Nimekulia Dar es Salaam, na mnada naujua. Ule wa Pugu wa ng'ombe, unamzunguka mnyama, unamshika nundu, unamtazama meno, unamwona anavyotembea. Ukinunua mgonjwa umejitakia. Kule mtandaoni unaoneshwa picha 6, na kwa chini pameandikwa kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo. Wauzaji waungwana wanatoa siku chache za kuikagua tangu ifike dukani, lakini ukishajaza fomu na kuipokea, kwa kawaida basi, ni yako na kutu yake. Yule mzee mwenzangu alishinda bunduki kwa dola 380, akapiga kifua siku nzima. Akaongeza usafirishaji, ada, kodi na asilimia ya kulipa kwa kadi, ikapita 460. Duka la mjini kwao lilikuwa na kama hiyo kwa 450, na pale angeishika kwanza.

Halafu kuna saa. eBay muda ukiisha umeisha. GunBroker ukiweka dau ndani ya dakika 15 za mwisho, mnada unasogezwa mbele, na haufungwi mpaka dakika 15 zipite bila mtu kupandisha. Wanasema ni haki kwa sababu hakuna anayevizia sekunde ya mwisho akakupora. Ni kweli. Lakini pia maana yake ni kwamba watu wawili wenye vichwa moto wanaweza kupandishiana usiku kucha, na kila mmoja anapewa dakika 15 za kujiuliza kama kweli atakubali kushindwa na mtu asiyemjua. Hapo hujiulizi tena unaitaka bastola ya kazi gani. Bado sijagusa wapambe, wanaopandisha dau ili kukuchokoza tu. Tovuti zinawakataza, sawa na minada yetu inavyowakataza, nao wapo.

Mnada unavyoweza kuharibu akili za watu tuliuona Mei 2016. George Zimmerman, aliyemuua kijana Trayvon Martin huko Florida mwaka 2012 na kuachiwa na mahakama mwaka uliofuata, aliipeleka mnadani bastola ileile. GunBroker waliiondoa. Akahamia tovuti nyingine, bei ya kianzio dola 5,000, na wazabuni wa uongo wenye majina ya kejeli wakaipandisha hadi kupita dola milioni 65. Wengine walikuwa wanamkomoa, na moyoni nilikuwa upande wao. Lakini nilikaa nikafikiria mama wa yule kijana, anaona tarakimu zinapanda juu ya chuma kilichomuua mwanawe.

Wenye kutetea minada wana hoja moja ninayoikubali. Bunduki ya mwaka 1943 haina bei ya dukani, na anayejua thamani yake ni mkusanyaji mwenzako tu, pengine yuko Montana. Hapo mnada ni njia ya haki. Lakini bastola mpya iliyotoka kiwandani jana, yenye bei inayojulikana nchi nzima, inapigiwa mnada wa nini kama si kutafuta kichwa moto? Ningekuwa na kauli, mnada ungebaki kwa vya kale, na vipya viuzwe kwa bei iliyobandikwa.

Na kaunta ibaki kwa wote. Sheria ya serikali kuu inadai kaunta kwa muuzaji mwenye leseni na kwa mauzo yanayovuka mpaka wa jimbo. Watu binafsi wawili wa jimbo moja, kama hapa Ohio, wanaweza kuonana mtandaoni, wakakutana kwenye maegesho ya magari, pesa mkono huu, bastola mkono ule, hakuna aliyechunguza rekodi ya mtu. Majimbo mengine yameziba tundu hilo, mengine hayataki kusikia. Mwaka 2012 huko Wisconsin mwanamume mmoja aliwekewa zuio na mahakama asimsogelee mkewe, na zuio lilimnyima haki ya kumiliki silaha. Alipata bastola kwa mtu binafsi kupitia tovuti ya matangazo, akaenda kazini kwa mkewe, akamuua pamoja na wanawake wengine wawili, kisha akajiua. Familia ilipoishtaki tovuti, mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo ikasema tovuti haiwajibiki, kwa kuwa tangazo lilikuwa la mtu mwingine. Sheria ya mtandao inasema hivyo, na bado haiingii akilini mwangu. Dalali wa mnada wa ng'ombe akiuza wa wizi, kwetu hawezi kusema yeye alikuwa anapiga kelele tu.

Ili nisionekane ninapaka rangi moja, kuna jambo la upande wa pili. Mwaka 2017 GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani mambo ya serikali, ilichapisha matokeo ya jaribio lake. Wapelelezi walijifanya wanunuzi wasioruhusiwa wakajaribu mara 72 kununua kwa watu binafsi kwenye mtandao wa wazi. Wauzaji 56 walikataa. Mara 5 tovuti zenyewe zilifunga akaunti zao. Zilizobaki zilinuka utapeli. Hawakupata hata moja. Kwenye mtandao wa giza, ule wa kificho, walijaribu mara 7 wakapata 2. Muuzaji wa kawaida, basi, ana woga na dhamiri yake, nami nimefurahi kulijua hilo. Ila yule wa Wisconsin alihitaji mmoja tu.

Kaunta yenyewe nayo ina ufa. Rekodi zikichelewa na siku 3 za kazi zikapita bila jibu, mwenye duka anaruhusiwa kukabidhi. Kijana aliyewaua waumini 9 kanisani Charleston mwaka 2015 alipata bastola kwa ufa huo. Alistahili kukataliwa.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, maana hasira yake bado naisikia. Fomu ya 4473 inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Nikijibu ndiyo huku pesa ni ya mwingine, nimeidanganya serikali kuu. Kuna kesi ya Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, mpwa aliyemnunulia mjomba wake bastola ya Glock kwa hundi ya dola 400. Mjomba hakuwa na doa lolote, na akachunguzwa upya alipokabidhiwa. Bado mpwa alitiwa hatiani, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliunga mkono hilo kwa kura 5 dhidi ya 4. Hao walikuwa raia wote wawili, na wote walikuwa na haki ya kumiliki. Sisi mmoja ana Green Card na mwingine ana viza ya mwanafunzi ambayo, kama huna kitu kama leseni ya uwindaji, inakuzuia kabisa. Tangu mwaka 2022 kumnunulia mtu silaha kwa mgongo wako ni kosa linalojitegemea, kifungo hadi miaka 15. Baada ya kifungo kuna ndege ya kurudi nyumbani, na mimi nyumbani nataka nirudi kwa nauli yangu.

Nilipomuuliza ya nini, alisema mtaa anaokaa una wizi. Nikamwambia hata Tanzania angeanzia kwa viongozi wa mtaa, apite polisi, aulizwe na watu wanaomjua yeye na ugomvi wake. Akajibu, "Mjomba, hapa si kwetu." Sikuwa na jibu zuri.

Alipokata simu nilikaa, usiku ulipokwenda nikaifungua ile tovuti. Nilijiambia ninaangalia tu aliyokuwa anaizungumzia. Dau lilikuwa dola 265, zimebaki dakika 9. Mtu akapandisha, saa ikarudi 15. Mwingine akapandisha, ikarudi 15. Nilipozima simu ilikuwa imefika 410, saa saba kasoro usiku, na alfajiri nilikuwa na mzigo wa kupeleka Indiana.