Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji sikio lako kabla ya tuisheni

Huku Uingereza sheria inazuia darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, ukiacha sababu chache maalumu. Pamoja na hayo, mtoto anarudi nyumbani na kitabu chembamba cha kusoma na daftari dogo la mzazi. Humo mzazi anaandika mtoto kasoma hadi ukurasa gani na kakwama kwenye neno lipi, kisha anatia saini. Shule yenye watoto 30 darasani inakiri kwamba peke yake haimudu.

Sasa chukua darasa la kwetu Tanzania lenye watoto 80 na kipindi cha dakika 30. Mwalimu akiacha kufundisha kabisa, akawa anasikiliza tu, kila mtoto atapata kama sekunde 22. Mtaala wa 2015 uliiweka KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mbele kwa darasa la kwanza na la pili, na ulifanya vizuri, lakini mtaala haumwongezei mwalimu masikio. Mtoto akichelewa kusoma, wengi wetu tunakimbilia tuisheni, na huko anakuta ubao mwingine na kundi jingine la watoto wanaoitikia kwa pamoja. Anayekwama kwenye silabi hahitaji kipindi kingine. Anahitaji mtu mmoja akae pembeni yake amsikilize, dakika kumi, siku tano kwa wiki.

Na kwetu kazi hiyo ni nyepesi kuliko huku. Kiingereza kina sauti kama 44 zinazogombania herufi 26, ndiyo maana mtoto wa huku anasota miaka kadhaa na maneno yasiyosomwa kama yanavyoandikwa. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti ileile popote inapokaa. Mzazi aliyeishia darasa la saba anao ujuzi wote wa kumfundisha mwanawe kusoma. Inaniuma kuona bahati hii inalala bure.

Anza na kadi. Kata boksi gumu vipande 25 vyenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Tano ziandike a, e, i, o, u. Ishirini zilizobaki ni silabi za m, l, k na t: ma me mi mo mu, la le li lo lu, na kuendelea. Kwa kadi hizo tu mtoto anapanga meli, lima, kiatu, maua, tumia, kamata, kalamu. (Akitaka mama au kuku, kata kadi ya pili ya silabi hiyo.) Ongeza konsonanti moja kwa wiki, usizidishe.

Hapa kuna makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni jina la herufi. Ukimfundisha kwamba hii ni "be" na hii ni "a", akiziunganisha atakwambia "bea", na hana kosa, umemfundisha hivyo. Taja sauti, si jina: m ni "mmm" ya midomo iliyofungwa, bila irabu nyuma yake. La pili ni wimbo. Watoto wengi wanaimba "ba be bi bo bu" vizuri kabisa huku macho yako dirishani. Changanya kadi, mwoneshe "bu" kwanza. Akianza kunong'ona "ba be bi" hadi aifikie, ujue bado hasomi, anahesabu.

Kwa hili kuna jambo moja la huku linalofaa kuigwa. Watoto wa England wakikaribia kumaliza mwaka wa kwanza, mwezi Juni, wanapimwa kwa kusoma maneno 40, na 20 kati yake hayana maana yoyote. Sababu ni kwamba neno lisilokuwepo haliwezi kukaririwa. Panga "tolumi" au "lemoka" kwa kadi zako. Mtoto akisoma, ameshika silabi. Akibadilisha liwe neno analolijua, anabahatisha kwa kuangalia mwanzo wa neno, na ni heri umrudishe kwenye kadi kabla ya kumpa kitabu.

Silabi za kawaida zikikaa sawa, leta kadi mpya: m peke yake. Ndiyo inayozaa mtu, mti, mke, mkate, mlima. Usiilete mapema, maana mtoto ataiongezea irabu asome "mutu" na "mukate", hasa kama lugha ya nyumbani ina "mu" mahali hapo. Kisha ch, sh, ny. Ng na ng' zitenganishe kwa wiki mbili au zaidi: ngoma izoeleke kwanza, ndipo aje ng'ombe. Kuchanganya b na d kwa umri huu ni kawaida, kusikutie hofu.

Akifika kwenye kitabu, kaa ubavuni mwake, si mbele yake, ili nyote mwone maandishi yakiwa wima. Kidole chake kiwe chini ya neno. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Wazazi wengi hapa ndipo tunapoharibu, tunamtajia neno baada ya sekunde moja, na mtoto anajifunza kutusubiri. Ikipita tano, funika neno kwa kidole uache silabi ya kwanza, kisha ya pili, aunge mwenyewe. Akilipata, arudie sentensi tangu mwanzo, maana akili iliyokuwa kwenye silabi imeshapoteza habari. Akikosea zaidi ya neno moja katika kila maneno kumi, kitabu hicho ni kizito. Badilisha, usimlazimishe.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Anaona kama kidole kinakwenda pamoja na sauti. Anaweza kuuliza nani kafanya nini, na kwa nini. Anaweza kutega vitendawili jioni, na huko ndiko mtoto anakopata maneno atakayoyakuta kwenye kitabu miaka ijayo.

Vitabu kwetu ni tatizo la kweli; huku Uingereza maktaba inaazima bure. Lakini karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa 16. Mtoto aseme sentensi, wewe uandike kwa herufi kubwa, moja kila ukurasa, achore picha. Anaisoma kwa hamu kwa sababu ni yake. Mwenye simu na bando anaweza pia kupata hadithi za bure za Kiswahili kwenye tovuti ya African Storybook.

Na kile Kiingereza tunachokilazimisha sebuleni kabla mtoto hajajua kusoma? Walimu wa huku huzihimiza familia za kigeni ziendelee na lugha yao nyumbani. Mtoto anayesoma lugha asiyoielewa anatamka tu, hana njia ya kujua kama amekosea.

Sisi tulio nje, badala ya kutuma tableti, tupige simu ya video dakika hizo kumi na kumsikiliza mpwa au mjukuu akisoma. Mwambie anayeshika simu aelekeze kamera kwenye ukurasa, si usoni kwa mtoto, ili uone kidole kiko kwenye neno gani.