Ufa wa Mwanasesere Usifichwe

Mnunuzi makini wa wanasesere wa kale wa Kijerumani, wale wenye vichwa vya kaure isiyong'arishwa, huanza kwa kumvua mwanasesere wigi na kuingiza balbu ndogo kwenye tundu la utosini. Ufa ambao macho hayakuuona hujichora hapo hapo, kuanzia utosini hadi kwenye paji la uso. Wakusanyaji wamegawanyika: uzibwe na kupakwa rangi, au uachwe?

Wanaotaka uzibwe wana hoja. Viwanda vya Waltershausen na Sonneberg, kule Thuringia, viliwatengeneza wanasesere hawa ili watoto wachezee. Mjukuu aliyerithi mwanasesere wa bibi yake akitaka kumwona mzima, ni haki yake. Tena kuna matengenezo ambayo kuyakwepa ni uzembe: lastiki iliyochoka ndani ya kiwiliwili ibadilishwe kabla haijakatika na kuangusha kichwa, na macho ya kusinzia yaliyolegea yakazwe kabla kipande cha madini ya risasi kinachoyafumba hakijagonga kaure kwa ndani.

Uso, hata hivyo, una habari yake. Mashavu, kope na nyusi zilipakwa kwa mkono juu ya kaure iliyokwisha kuchomwa, kisha kichwa kikarudishwa tanurini kwa joto la chini zaidi ili rangi ishike. Rangi ya fundi wa leo haipiti tanurini, inakaa juu juu tu. Na ili kiraka kisijulikane, hanyunyizi rangi kwenye ufa peke yake. Anavuka kingo zake mpaka shavu zima linafunikwa, pengine na nyusi. Ufa wa sentimita 2 unaondoka na kazi yote ya mchoraji wa miaka ya 1900.

Linaloniumiza zaidi ni yale yanayofuata. Fundi anajua alichofanya, na mteja wa kwanza huambiwa. Mteja huyo akifariki, warithi hawana habari. Wanampeleka mwanasesere mnadani kama mzima. Alama za nyuma ya shingo ni za kweli zote: kiwanda, namba ya umbo, na neno "Germany", kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Hakuna aliyedanganya, lakini mtu analipa bei ya kichwa kizima kwa kichwa kilichopasuka. Taa ya urujuanimno mara nyingi huumbua rangi mpya, ila ni wangapi huenda nayo mnadani?

Gundi kama Paraloid B-72, inayoyeyuka kwa asetoni, inaweza kuushika ufa kwa ndani bila kuugusa uso, na mwingine akitaka ataiondoa. Maelezo ya kazi yaandikwe, yakae na mwanasesere.

Umbo namba 390 la kiwanda cha Armand Marseille lilitolewa kwa wingi mno, na hadi leo bei yake ni ya chini. Kumpaka rangi hakurudishi hata gharama. Kishawishi kipo kwa wale adimu, kama namba 101 ya kampuni ya Kämmer & Reinhardt ya mwaka 1909, ambaye bei yake huporomoka kwa ufa mmoja tu. Huyo ndiye wa kwanza ambaye uso wake haupaswi kuguswa.