Kabla ya kumwondolea mraibu jela, dozi imfikie

Ukiwauliza watu wa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kama aliyekutwa na kete moja ya dawa za kulevya ya kutumia mwenyewe asifungwe, wengi watakataa wakidhani unataka unga uuzwe dukani. Hayo ni mambo mawili. Ureno ilipobadili sheria mwaka 2001 iliendelea kuwafunga wauzaji. Mwenye kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hupelekwa mbele ya jopo la watu watatu badala ya hakimu. Kwetu Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2015, kutumia tu ni jinai.

Hofu ya wazazi wa Mabatini na Igogo siidharau hata kidogo. Kijana akishikwa na unga huanza na simu ya dada yake, kisha sufuria, na usiku akileta vurugu mama hana wa kumwita ila polisi. Ukimwondolea hao, unampa nani? Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura mwaka 2020 kuwaondolea watumiaji jinai. Huduma za tiba zikachelewa, watu wakachoshwa na utumiaji wa hadharani, na Septemba 2024 kosa likarudishwa.

Hata hivyo jela haitibu uraibu, na mara nyingi inaharibu tiba iliyokwisha kuanza. Methadoni, dawa ya tiba hiyo, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mgonjwa akizolewa kwenye msako, dozi inakatika, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, inampiga mahabusu, na akitoka anakimbilia kijiweni. Hapo ndipo pa hatari zaidi: mwili umeshapoteza uzoefu, kete ileile aliyoizoea inaweza kumuua. Anayejificha polisi naye huchangia sindano, na virusi vya Ukimwi vinapita humo.

Kwa hiyo naunga mkono jela iondolewe, ila si leo kwa wote. Kliniki ya methadoni ya Sekou Toure inamfaa anayeweza kufika kila siku. Mwenye kutoka Kisesa anatafuta nauli; mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe ana ziwa zima mbele yake. Na mvuta bangi hasaidiwi na methadoni, maana ni dawa ya waraibu wa heroini na jamii yake. Yeye anahitaji washauri nasaha, nao ni wachache.

Bunge lingeanza na kifungu kimoja: aliyesajiliwa kwenye tiba asishtakiwe kwa kutumia, na akikamatwa kwa kosa lingine dozi yake imfuate mahabusu. Wizara ya Afya nayo ipeleke dozi Nansio, kule Ukerewe. Mama wa Igogo akishaona hayo yanafanyika, ndipo aulizwe tena kuhusu jela.