Majira ya Joto kwa Amri ya Kalenda

Mimi sina ugomvi na sikukuu, kwa sababu mtu anayelipwa huku amelala hana la kulalamikia. Lakini hii ya hapa Iceland, iitwayo Siku ya Kwanza ya Majira ya Joto, imenishinda tabia. Huangukia Alhamisi ya kwanza baada ya tarehe 18 Aprili, liwake jua, ianguke theluji, kwa kuwa kalenda ya wahenga wao ilikuwa na misimu miwili tu, wa baridi na wa joto, na wa baridi ukimaliza muda wake hutakiwa uondoke. Shida ni kwamba baridi ya hapa ni kama mpangaji sugu: haisomi notisi.

Basi Reykjavik nzima inaandamana, maskauti na bendera mbele, bendi ya matarumbeta nyuma, wapulizaji wamevaa glovu zilizokatwa vidole. Kila unayepishana naye anakutakia heri ya majira ya joto, pua imemwiva kwa upepo, nawe inakubidi umjibu ilhali midomo imekufa ganzi. Watoto nao hupewa zawadi, desturi ambayo wenyewe husema ni kongwe kuliko zawadi za Krismasi. Wangu nimemnunulia mpira, ambao sasa anauchezea sebuleni, mbele ya televisheni ambayo bado ninadaiwa.

Mama alipopiga simu ya video kutoka Tanga na kuniona katika koti, skafu na kofia ya sufu, aliuliza kama nimelazwa. Nilipomweleza kwamba tunasherehekea joto, alinyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu kama ninakula vizuri.

Aliyenimaliza kabisa ni bibi jirani wa ghorofa ya chini. Jana usiku aliweka bakuli la maji nje, na alfajiri akanigongea, amejaa furaha, anionyeshe kwamba yameganda. Kwani wazee wao waliamini kuwa misimu hiyo miwili ikigandana usiku huo, majira yatakuwa mema na maziwa yatakuwa mazito. Nikasema, "Hongera, bibi," kwa sababu mkubwa habishiwi mlangoni. Lakini mimi sina ng'ombe wala kondoo. Nina paketi moja ya maziwa, iliyo ndani ya friji, ambako leo kuna joto kuliko barazani, na kesho Ijumaa nimepangiwa zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.