Vijana wa Ndege za Mabomu na Miji Iliyoungua Chini Yao

Kila inapotajwa Dresden, mji wa Ujerumani ulioshambuliwa kwa mabomu Februari 1945, swali lilelile hurudi: je, inafaa kuwaenzi vijana waliorusha ndege kubwa za mabomu za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilhali mabomu yao yaliua raia kwa makumi ya maelfu? Upande mmoja husema kwamba ushujaa ni ushujaa na haupaswi kuhojiwa na watu waliokulia katika amani, na upande wa pili hujibu kwamba kumjengea mnara aliyechoma mji ni kuwatukana waliokufa ndani yake. Mimi naamini vijana wale wanastahili kukumbukwa, lakini nasita kila ninapoona kumbukumbu yao ikitumiwa kufunga mjadala kuhusu amri walizopewa.

Watu wapatao 125,000 waliruka na Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, wote wakiwa wamejitolea kwa kazi hiyo, na 55,573 kati yao waliuawa, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi. Wengi walikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Zamu moja ilikuwa safari 30, na kila mmoja wao aliweza kujipigia hesabu ya uwezekano wa kuimaliza. Katika shambulio moja tu la mji wa Nuremberg, Ujerumani, usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1944, ndege 95 kati ya 795 hazikurudi.

Hesabu hizo hazitoshi kueleza ujasiri wenyewe. Mkiani mwa ndege kubwa ya mabomu aina ya Lancaster, mmoja wa watu saba walioirusha aliketi peke yake katika kibanda chembamba chenye bunduki nne, akitazama nyuma gizani kwa saa nyingi. Baridi iliweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na hata hivyo baadhi ya waliokaa humo waliking'oa kipande cha plastiki angavu kilichowakinga usoni, kwa kuhofia kwamba doa dogo lingeweza kuificha ndege ya adui. Mara nyingi parachuti yake haikuenea humo, hivyo iliwekwa nje ya mlango. Ndege ikiwaka moto, ilimbidi kwanza aifikie na kuivaa ndipo aruke. Waliorudi alfajiri walipewa yai la kukaanga, anasa kubwa katika nchi iliyogawa chakula kwa kadi, nao walilila wakiona viti vilivyobaki vitupu. Kwangu mimi, ushujaa wao mkubwa ulikuwa kupanda tena ndegeni usiku uliofuata, baada ya kuviona viti hivyo. Ni kweli pia kwamba aliyekataa kuruka angeweza kuandikwa kuwa amepungukiwa na uthabiti wa moyo na kuvuliwa alama zake mbele ya wenzake, na hofu ya aibu hiyo iliwasukuma wengi. Sioni kwamba jambo hilo linawapunguzia heshima.

Tatizo liko kwenye kazi waliyotumwa. Mwaka 1941 uchunguzi wa picha zilizopigwa angani ulionyesha kwamba, kati ya ndege zilizodaiwa kushambulia shabaha, ni moja tu katika kila tatu iliyofika ndani ya maili tano kutoka shabaha hiyo. Kwa kuwa kiwanda kilikuwa hakilengeki usiku, amri ya Februari 1942 iliulenga mji wenyewe, pamoja na moyo wa watu waliokaa humo. Julai 1943 mji wa Hamburg, Ujerumani, uliwaka kwa moto uliozaa upepo wake wenyewe, na zaidi ya watu 30,000 wakafa. Huko Dresden, tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilikadiria kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Wanazi na waliowafuata walikuwa wameikuza idadi hiyo mara nyingi, na anayetaka kuwalilia wafu wale kwa haki hana budi kuanza kwa hesabu ya kweli.

Wanaotetea mashambulizi hukumbusha kwamba Ujerumani ilitangulia kushambulia miji ya Warszawa (Poland), Rotterdam (Uholanzi) na Coventry (Uingereza), na kwamba mizinga na ndege za kivita zilizobaki kulinda anga lake zilikosekana katika medani nyingine. Hoja hiyo ina uzito, ingawa uzalishaji wa silaha wa Ujerumani uliendelea kupanda hadi 1944 na watu wake hawakusalimu amri kwa kupigwa mabomu. Tarehe 28 Machi 1945 Churchill mwenyewe, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliandika waraka akihoji uhalali wa kuishambulia miji ili kueneza hofu, kisha akauondoa na kuandika mwingine wa maneno laini. Hapo ndipo ninapowaonea uchungu vijana wale, kwa sababu kiongozi aliyeidhinisha sera alianza kujitenga nayo wakati wao bado wanakufa kwa ajili yake.

Kumbukumbu hii si ya Waingereza peke yao. John Henry Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia katika ndege kubwa ya mabomu iliyotunguliwa mwaka 1943, akatekwa, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Ulric Cross wa Trinidad, aliyefanya kazi hiyohiyo katika ndege nyepesi zilizotangulia misafara, alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Walitumikia dola iliyowatawala ili kuuangusha utawala wa Kinazi uliowahesabu kuwa si watu kamili, na hakuna hukumu ya neno moja inayowaenea.

Sanamu ya Arthur Harris, mkuu wa kamandi hiyo, ilisimamishwa London mwaka 1992, miaka ishirini kabla ya mnara wa vijana wake kuzinduliwa Green Park. Mpangilio huo naona ulikuwa kinyume. Kwenye mnara huo wa 2012 wamesimama watu saba wa shaba, bado wamevaa mavazi ya safari, na juu yao kuna paa lililotengenezwa kwa sehemu kutokana na bati la ndege iliyoangukia Ubelgiji mwaka 1944. Ndani yake yameandikwa pia maneno ya kuwakumbuka watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu kati ya 1939 na 1945. Bila maandishi hayo nisingeweza kuutetea mnara huo mbele ya mtu wa Hamburg.