Corvette ya Mwaka 63, Bei ya Nyumba

Nyie mnaolalamikia madalali wa magari huko Dar, hebu njooni Houston mwone vituko. Jirani yangu, mzee mstaafu, anauza gari: Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1963. Dola 150,000. Na anavyokutajia bei, utadhani amekuhurumia.

Sisi tumezoea "injini haijaguswa, namba E, alikuwa analiendesha mama mtu mzima". Huyu anajisifia kinyume: gari lote lilifunguliwa hadi nati ya mwisho, likafufuliwa upya. Kwetu gari likishafunguliwa hivyo, unamuuzia mtu usiyetarajia kukutana naye tena.

Halafu anakuinamisha kwenye boneti na tochi usome namba ya injini. Inaoana na ya chasisi! Kwetu namba zikioana na kadi ya gari maana yake si la wizi, nenda zako. Huku ya injini ikioana na ya chasisi, maana yake injini ni ileile ya kiwandani, ongeza maelfu ya dola.

Ila kioo cha nyuma ndicho kilichonimaliza. Kimekatwa katikati na ubavu wa bodi, kwa hiyo lori likikufuata unaliona nusu huku, nusu kule. Zora Arkus-Duntov, injinia wa Corvette, alilalamika kwamba dereva haoni nyuma. Bill Mitchell, mkuu wa usanifu pale General Motors, akagoma: hapaguswi. Gari likaingia sokoni hivyohivyo, na toleo la 1964 likaja bila huo ubavu. Wapo waliokata wa kwao wakaweka kioo kizima, wasionekane washamba. Leo watu wanatoa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya kutoona nyuma.

Nikauliza buti linafungukia wapi. Halifunguki! Mzigo unausukumia nyuma ya viti. Na viti vyenyewe ni viwili. Mimi nina mke, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kusalimia, tarehe ya kurudi anaijua Mungu. Breki ni za dramu miguu yote minne. Za disiki zilikuja 1965. Kiyoyozi hakuna, na Agosti ya Houston mnaisikia tu.

Bodi ni ya faibaglasi, haishiki kutu, hilo nampa. Lakini chuma cha chini yake kinashika, kwa hiyo wingu likitanda tu, gari halitoki. Linatoka Jumapili asubuhi, linazunguka mtaa mara moja, linarudi kufutwa kwa kitambaa laini kuliko shuka zangu. Corolla yangu inayolisha familia inalala nje, mvua yake, jua lake.

Hata hivyo, alipoliwasha, ile injini ya V8 ikanguruma, moyo ukanisaliti. Nikajikaza kiume: "Mzee, bei ya mwisho ngapi?"

Akacheka.

"Basi unapokea kidogokidogo?"

Akazima injini, akavuta turubai, akalifunika mbele ya macho yangu.