Modyuleta ya Mwanga: Ipashwe Joto au Ipoozwe?

Modyuleta ya fuwele za kimiminika (vimiminika ambavyo molekuli zake hujipanga kwa mwelekeo mmoja) ni bamba dogo la kuuchonga mwanga: tabaka la fuwele lenye unene wa mikroni chache tu, chini yake kioo cha alumini kinachoakisi mwanga na saketi za silikoni. Volteji ikipanda, molekuli zinageuka na mwanga wa leza unacheleweshwa kwa kiasi tofauti. Ndivyo hologramu, mchoro unaouelekeza mwanga uunde picha, inavyochorwa bila kusogeza lenzi hata moja.

Wanaotaka joto wana hoja nzito. Kuzigeuza molekuli si tabu, unaongeza volteji. Tabu ni kuzirudisha. Volteji ikikatwa zinarudi zenyewe, na zikikuta kimiminika kizito zinajikokota. Joto linapunguza mnato huo haraka, ndiyo maana baadhi ya modyuleta za kasi hupashwa hadi nyuzi 40 na zaidi.

Lakini joto hilohilo huvuruga mpangilio wa molekuli, na uwezo wa kuchelewesha mwanga unashuka. Chukua 5CB, fuwele aliyoitengeneza George Gray na wenzake huko Hull, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970: ikifika nyuzi 35 hivi inakuwa kimiminika cha kawaida, kazi imekwisha. Michanganyiko ya leo hustahimili joto kubwa zaidi, ila nayo huporomoka ikikaribia kikomo chake. Tabaka lililotosha mzunguko mzima wa fezi, yaani kuchelewesha mwanga kwa wimbi zima moja, kwenye nyuzi 25 laweza kupungukiwa likipashwa, na mwanga usiotii hologramu ukabaki doa katikati ya picha.

Kuna pia mtetemo. Modyuleta nyingi hulishwa volteji kwa mapigo ya kidijitali. Kimiminika chepesi hufuata kila pigo, fezi ikayumba. Wapo watafiti waliopoza kifaa makusudi ili kitulie, wakakubali kupoteza kasi.

Kwa maoni yangu, adui mkubwa ni joto linalopandashuka. Alumini hufyonza sehemu ya mwanga, kwa hiyo vipimo vya fezi vilivyochukuliwa bamba likiwa baridi havifai tena leza ya nguvu ikishalipiga kwa muda. Kwanza joto lidhibitiwe, vipimo vichukuliwe hapohapo. Baada ya hapo, kwa mtego wa leza unaoburuta chembe chini ya darubini ningepasha, mradi tabaka lina unene wa ziada. Kwa hologramu isiyobadilika ningepoza, ila si kupita kiasi: kwenye hewa yenye unyevu, kioo baridi hutoka jasho.